Je, Emuleta Ni Shahidi wa Kutosha?

Hoja iliyo mezani ni hii: programu iliyokompailiwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa niaba ya prosesa ya aina nyingine, kisha ikajaribiwa kwenye emuleta (programu inayoiga prosesa) peke yake, inastahili kutangazwa kwamba inafanya kazi kwenye prosesa hiyo. Wanaojibizana ni watatu. Mtetezi ni binti anayeandaa vifurushi vya programu huria, na laptopu yake ni ya x86 kama za wengi wetu. Mpinzani ni mzee aliyelea seva za SPARC tangu Sun Microsystems ilipokuwa bado na jina lake. Wa tatu ni fundi wa mitandao asiye na upande. Anachotaka ni ruta zisizozimika usiku wa manane. Mimi ninayeandika nimejipa ruhusa ya kuingilia kati, na nimeitumia.

MTETEZI: Shikamoo, mzee. Nianzie mahali ambapo hata wewe huna pa kunipinga. Ruta ya WRT54G ya Linksys, ile iliyouzaa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ilikuwa na prosesa ya MIPS, megabaiti 4 za hifadhi na megabaiti 16 za memori. Kompaila ya GCC haienei humo, sembuse msimbo wote wa keneli ya Linux. Kila programu iliyowahi kukaa ndani ya ruta ile ilitengenezwa kwenye kompyuta nyingine kabisa, na hakuna aliyeona ajabu.

MPINZANI: Marahaba, binti yangu. Kutengenezewa kwingine sikupingi. Hoja yenu inasema na kujaribiwa. Ruta ile ilijaribiwa wapi? Mezani, ikiwa imechomekwa kwenye umeme.

FUNDI: Kabla hamjafika mbali, naomba mnieleweshe. Kompaila inajuaje amri za mashine ambayo haipo?

MTETEZI: Kaka, kompaila inasoma msimbo wa C na kutoa mfululizo wa namba. Namba hizo zikiwa amri za x86 au za RISC-V, kwake ni suala la jedwali gani limefunguliwa. Faili linalotoka lina alama mwanzoni inayotaja prosesa yake: 62 ni x86 ya biti 64, 243 ni RISC-V, 22 ni s390x, zile mashine kubwa za IBM. Ukiliendesha faili la 243 kwenye laptopu yako, keneli inaiona namba hiyo na kukukatalia. Lakini ukishaisajili emuleta iitwayo QEMU, keneli inaikabidhi faili. QEMU inageuza amri za RISC-V kuwa za x86 kipande baada ya kipande, na programu inapoomba kufungua faili au kuandika kwenye skrini, ombi hilo linapelekwa kwa keneli ileile ya laptopu. Mfaransa Fabrice Bellard aliitoa QEMU mwaka 2003, na tangu hapo kuwa na prosesa usiyoweza kuinunua kumekuwa suala la kusakinisha kifurushi kimoja.

Hapa niingie, kwa sababu wote wawili wanaliruka eneo ambalo muda mwingi wa kazi hii hupotelea. Kompaila yenyewe mara nyingi haina neno. Taabu iko kwenye hati zinazoitangulia, zile zinazopeleleza mashine kabla ya ujenzi kuanza. Hati ya Autoconf, kwa mfano, hutaka kujua kama malloc inarudisha anwani halali ukiiomba baiti sifuri. Namna yake ya kujua ni kutengeneza programu ndogo na kuiendesha papo hapo. Unapokompaili kwa niaba ya mashine nyingine, programu hiyo ndogo haiwezi kukimbia, basi hati hukisia. Kwa miaka mingi ilikisia mabaya: ilibadilisha kila malloc katika mradi iwe rpl_malloc, na ujenzi ukaanguka mwishoni kabisa ukilalamikia jina ambalo hakuna aliyeliandika. Kuna na ile nyingine, ya pkg-config, chombo cha kutafuta maktaba, kuokota maktaba za laptopu badala ya zile za mashine lengwa. Kosa la namna hiyo likikuangusha hapohapo, shukuru. Balaa ni pale vichwa vya x86 vinapokubalika kimyakimya na ukubwa wa muundo mmoja ukawa tofauti kwa baiti nne.

Kwa hiyo emuleta ina kazi mbili, na ya kwanza ni hiyo: kuziwezesha programu ndogo za upelelezi zikimbie, ili hati zisikisie. Kwa kazi hiyo sijamsikia mtu akiikataa, hata mzee.

MPINZANI: Hiyo naikubali. Tuje kwenye kazi ya pili, kuijaribu programu yenyewe.

MTETEZI: Tuje. Chukua msimbo huu ambao nusu ya wanafunzi wa C wamewahi kuuandika: unasoma herufi mojamoja kutoka kwenye faili, unaiweka kwenye kigeu cha aina ya char, unasimama ikifika hasi moja, yaani mwisho wa faili. Kwenye x86 char huwa na alama ya hasi na chanya, na programu inasimama. Kwenye ARM, POWER, s390x na RISC-V zenye Linux, char haina hasi. Inaanzia 0 hadi 255. Hasi moja ikiwekwa humo inakuwa 255, na 255 hailingani na hasi moja hata ukingoja mpaka kesho. Programu haisimami kamwe. Miaka kumi kwenye laptopu hailioni kosa hili, ila QEMU ya s390x italionyesha mara ya kwanza utakapoiendesha.

FUNDI: Na la mpangilio wa baiti?

MTETEZI: Hilo ndilo tamu kuliko yote. Weka namba 1 kwenye nafasi ya baiti nne. x86 inaandika 01 00 00 00. s390x, ambayo ukoo wake unatoka kwenye System/360 ya mwaka 1964, inaandika 00 00 00 01. Mtu akichungulia baiti ya kwanza akidhani ndiyo namba nzima, kwenye laptopu anapata 1 na anaondoka na furaha yake. Kwenye s390x anapata 0. Kuna programu nyingi zinazohifadhi data kwa kumwaga memori moja kwa moja kwenye faili. Peleka faili hilo kwenye mashine ya upande wa pili uone. Sihitaji mashine ya IBM, ambayo bei yake sitaki hata kuiuliza, ili kulijua kosa hili. Nahitaji emuleta na dakika chache.

MPINZANI: Umeongea vizuri, na ukiangalia utaona umechagua makosa ya aina moja. Yote ni makosa ya mtu aliyedhani C ya laptopu yake ndiyo C ya dunia. Kitabu cha usanifu kimeandika wazi jibu ni lipi, na QEMU imekisoma kitabu. Mimi nakuuliza juu ya yale yanayotokea ndani ya chipu wakati kiini kimoja kinaandika na kingine kinasoma. Kiini cha kwanza kinaandika data, kisha kinainua bendera kusema data iko tayari. Kiini cha pili kinaona bendera, kinasoma data. Kwenye x86, maandishi ya kiini kimoja yanaonekana kwa wenzake kwa mpangilio uleule yalivyoandikwa. RISC-V haitoi ahadi hiyo, POWER haitoi, ARM haitoi. Bendera inaweza kuonekana imeinuliwa ilhali data bado ni ya zamani, kama mwandishi alisahau kuweka kizuizi cha memori. Sasa endesha programu hiyo kwenye QEMU juu ya laptopu yako ya x86. Nani anafanya kazi ya kuandika na kusoma? x86 ileile. Kosa halionekani leo, halionekani mwakani. Unatoa toleo, unaandika kwamba linafanya kazi, na kwa mteja linaanguka mara moja kwa wiki bila mpangilio.

MTETEZI: Nihamishie QEMU kwenye Raspberry Pi. Ile ni ARM, mpangilio wake wa memori ni legevu.

MPINZANI: (akicheka) Hapo umeshanunua chuma, binti yangu.

Ni bao, lakini nusu. Raspberry Pi inapatikana kirahisi zaidi kuliko seva ya POWER, na wazo la kuibadilisha mashine inayobeba emuleta ni zuri kuliko mzee alivyotaka kukiri. Hata hivyo ARM na RISC-V zimelegea kila moja kwa namna yake, na kutoonekana kwa kosa kwenye moja si ushahidi kwa nyingine.

MPINZANI: Na usidhani ni memori tu. SPARC ukiipa namba ya baiti nne iliyoanza kwenye anwani isiyogawanyika kwa nne, inakuua programu papo hapo. x86 inasoma tu. Kwa miaka mingi QEMU ya kuendesha programu mojamoja iliyaachia makosa hayo yapite, kwa kuwa x86 iliyo chini yake haikujali. Halafu kurasa za memori: seva nyingi za POWER zenye Linux hutumia kurasa za kilobaiti 64, laptopu yako kilobaiti 4. Programu iliyoandika 4096 kwa mkono itapita kwenye emuleta yako na kulala chini kwenye seva. Na kasi sitaki hata kuigusa. Anayepima kasi ya programu kwenye QEMU anapima QEMU.

FUNDI: Kuna watu waliowahi kufanya kazi kwa njia yako ya chuma tu, mzee, wakaweza?

MPINZANI: OpenBSD. Theo de Raadt aliutenga mfumo huo endeshi na NetBSD mwaka 1995, na utaratibu wao ni kwamba kila usanifu hujijenga wenyewe, kwenye mashine halisi ya usanifu huo. Kukompaili kwa niaba wanakutumia kuinua mashine mpya mpaka isimame, kisha basi. Sababu yao naipenda: kujenga mfumo mzima, kuanzia keneli mpaka kompaila yenyewe, ni jaribio gumu kuliko majaribio yote utakayoandika kwa mkono. Mashine inayoweza kujijenga siku nzima bila kuanguka imekwisha kukuambia mengi.

MTETEZI: Na VAX iko wapi?

MPINZANI: ...

MTETEZI: Samahani mzee, lakini niseme. Toleo la 5.9 la mwaka 2016 ndilo la mwisho la OpenBSD kuwa na VAX. Mashine za VAX, za ukoo wa mwaka 1977, zinajijenga polepole mno, na wenye kuzitunza wanapungua. NetBSD, ndugu wa damu, bado ina VAX mpaka leo. Tangu toleo la 1.6 la mwaka 2002 wana hati moja, build.sh, inayojenga mfumo mzima wa usanifu wowote wanaouhudumia kutoka kwenye Linux au Mac, bila hata kuwa msimamizi wa mashine. Na wanaujaribu kwa chombo kiitwacho Anita kinachowasha mfumo huo ndani ya emuleta: QEMU kwa baadhi, SIMH kwa VAX. Ukisema "chuma tu", maana yake ni kwamba usanifu unakufa siku mashine ya mwisho ya mtu fulani inapoungua.

MPINZANI: Asiyekuwepo na lake halipo. Kama hakuna mwenye VAX, tunamtengenezea nani?

Jibu la mzee lina ukali wa kutosha, ila linamgeuka. Debian waliwahi kujikuta katikati ya mabishano haya na usanifu wa m68k, ule wa Atari na Amiga. Mashine halisi zilishindwa kwenda sambamba na wingi wa vifurushi, na m68k ikaachwa nje ya toleo la 4.0 la mwaka 2007. Wenye nayo hawakuondoka. Walichukua ARAnyM, emuleta ya mashine za Atari, wakaifanya ndiyo mtambo wao wa kujenga: mfumo unajijenga wenyewe, lakini ndani ya prosesa ya kuigiza iliyo juu ya PC yenye kasi. Hiyo si njia ya OpenBSD wala ya NetBSD, na iliwaweka hai. Watumiaji walikuwepo. Kilichokuwa kimepungua ni kasi ya vyuma vyao.

FUNDI: Lakini kuna mtu aliyewahi kuandika programu bila kuiona mashine kabisa, ikakubali?

MTETEZI: Bill Gates na Paul Allen, mwaka 1975. Kompyuta ya Altair hawakuwa nayo. Allen aliandika emuleta ya prosesa ya Intel 8080 ndani ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, wakaitengenezea BASIC humo. Allen akapanda ndege kwenda Albuquerque na mkanda wa karatasi. Ikaulizwa 2 kujumlisha 2, ikajibu 4.

MPINZANI: Malizia hadithi. Ndani ya ndege alikumbuka nini?

MTETEZI: Kwamba hawakuandika kipakizi cha kuuingiza mkanda kwenye memori.

MPINZANI: Emuleta haikuhitaji kipakizi, ndiyo maana haikuwakumbusha. Akakiandika angani, kwa mkono.

MTETEZI: Na kikafanya kazi, mzee!

Wakati huu wote mzee amekuwa akiongea kana kwamba chipu ndiyo ukweli na emuleta ni nakala yake. Binti naye, kwa kujitetea, amekubali mgawanyo huo bila kujua. Mimi siukubali. Emuleta imeandikwa na watu waliosoma kitabu cha usanifu. Chipu pia imebuniwa na watu waliosoma kitabu hichohicho. Ni mashahidi wawili wa jambo moja, na kila mmoja anaweza kusema uongo.

RISC-V imetupa mfano ambao haungeweza kupangwa vizuri zaidi. Amri zake za vekta ziliidhinishwa rasmi kama toleo la 1.0 mwishoni mwa mwaka 2021. Kabla ya hapo T-Head, kampuni ya chipu ya Alibaba, ilikuwa imeshachonga viini vya C906 na C910 kwa kufuata rasimu ya 0.7.1, na bodi zenye chipu ya Allwinner D1 zikaingia sokoni nayo. Matoleo hayo mawili hayapatani. QEMU iliiacha rasimu ikafuata 1.0. Kwa hiyo programu ya vekta iliyofaulu majaribio yote kwenye QEMU inaanguka kwenye bodi uliyoshika mkononi. Nani mkosaji? Kwa kitabu, QEMU ndiyo sahihi. Kwa aliyenunua bodi, usahihi huo haumfai kitu.

La pili ni zito zaidi. Agosti 2024 watafiti wa kituo cha CISPA cha Saarbrücken, Ujerumani, walitangaza dosari waliyoiita GhostWrite katika C910. Amri fulani za vekta zilizochongwa vibaya zinaandika moja kwa moja kwenye memori halisi, zikipita pembeni mwa ulinzi wote unaotenganisha programu moja na nyingine. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika popote. Hakuna kiraka cha programu kinachoiponya. Njia iliyopo ni kuizima vekta yote, na ukiizima umezima karibu nusu ya amri za chipu hiyo. Emuleta ya mtu mmoja isingeigundua kamwe, hapo mzee ameshinda. Lakini mashine moja ya C910 mezani kwake nayo isingemwambia kitu, kwa sababu angedhani ndivyo amri ile inavyofanya. Waliigundua kwa kuzipa prosesa kadhaa halisi amri zilezile za kubahatisha na kutazama ni ipi inayojitenga na wenzake.

MPINZANI: Sasa unanipa haki au unaninyima?

Nakupa nusu, mzee. Chuma kimoja kikiwa peke yake si bora kuliko emuleta moja ikiwa peke yake. Ukinilazimisha kuchagua kati ya programu iliyojaribiwa kwenye bodi moja ya RISC-V na ile iliyojaribiwa kwenye QEMU, kwenye Spike, emuleta nyingine ya RISC-V, na kwenye laptopu ya x86 kwa majibu yanayolinganishwa, nachagua ya pili kwa makosa ya hesabu na mantiki. Programu ikiwa na nyuzi (threads) nyingi zinazogusana, nachagua bodi, na nataka yenye viini vingi.

FUNDI: Nyinyi mnaongea kama vyuma vinaokotwa. Huku kwetu bodi ikiagizwa inakaa forodhani.

MPINZANI: Usiagize. Kuna Compile Farm, zamani ikiitwa GCC Compile Farm, inawapa waandishi wa programu huria akaunti za bure kwenye mashine za POWER, SPARC, MIPS, RISC-V na nyingine. IBM wana mpango wa LinuxONE wa kuwakopesha watu wa programu huria s390x halisi. Unaingia kwa ssh kutoka Mbeya kama mtu aliye Frankfurt, polepole kidogo tu. Binti yetu anasema hawezi kununua mashine ya IBM. Hakuna aliyemwambia anunue.

MTETEZI: Hilo nalikubali, na nitafungua akaunti. Lakini mzee, kuna swali ambalo hujalijibu: nani aliahidi? Februari 2021 maktaba ya Python iitwayo cryptography ilitoa toleo la 3.4 lililohitaji kompaila ya Rust. Watumiaji wa Alpha, HPPA na m68k wakaja juu, kwa kuwa mashine zao au mifumo yao haikuwa na Rust ya kuaminika. Watunzaji wakajibu kwamba hawakuwahi kuahidi usanifu huo. Ulikuwa unafanya kazi kwa bahati. Mtu anayejitolea usiku, bila malipo, ukimwambia asiliandike jina la usanifu mpaka awe na chuma, hataliandika. Na asipoliandika, hata lile kosa la char halitajulikana, maana hakuna atakayejaribu.

MPINZANI: Aliandike, ila aseme alichokifanya. "Imekompailiwa kwa RISC-V, imejaribiwa kwa QEMU juu ya x86, haijawahi kuwashwa kwenye chipu." Sentensi moja. Anayejua kusoma atajua kwamba nyuzi na kasi havijaguswa.

MTETEZI: Nani atapakua kitu chenye maneno hayo?

FUNDI: Mimi. Nitaiweka kwenye ruta ya ofisini kwangu mwezi mzima kabla haijamfikia mteja, na ikianguka nitawaletea kumbukumbu za hitilafu nyote wawili.